Nadhiri ya Kisima cha Mwana Hidaya

Wageni wanaokuja Malindi ni wa namna mbili: kuna wanaokuja kutazama na kuna wanaokuja kupiga hesabu. Wa kwanza hawana faida kubwa. Hununua dafu moja, wakapiga picha mia, wakaenda zao wameungua pua. Wa pili ndio riziki, na Amjad aliwajua kwa mwendo tu, kabla hawajafungua kinywa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameuegemea ukuta karibu na mnara wa Vasco da Gama, kofia ya vito kichwani, kikoi kimenyooka kwa pasi, akimngoja mja aliyeandikiwa. Akaletewa Nahashon.

Nahashon alikuwa mtu wa bara, kitambi cha kiasi, mstaafu wa chama cha ushirika wa maziwa, na kichwani ana kofia pana ya ukindu aliyoinunua muda huo huo kwa bei ya kofia tatu. Nyuma yake alifuata mkewe Janet, mwembamba, mwenye miwani, na mkoba ameuvaa kifuani badala ya ubavuni. Watu wengine walikuwa wakipiga picha za bahari. Nahashon aliuzunguka mnara mara mbili, akaugonga kwa kidole, akauliza:

"Hii mnara ni ya nani?"

"Ni wa Wareno, bwana mkubwa," Amjad akajibu kutoka ukutani. "Waliujenga zamani sana."

"Najua walijenga. Nauliza sasa hivi ni ya nani. Nani anashika kiingilio?"

Amjad akabanduka ukutani polepole. Wewe na mimi tungeliona hilo kuwa swali la kipuuzi. Amjad alisikia adhana.

"Ahlan wa sahlan," alisema, mkono kifuani. "Karibuni pwani. Bwana mkubwa, katika miaka yangu ishirini ya kutembeza wageni, wewe ndiwe wa kwanza kuuliza swali la maana."

"Miaka ishirini?" Janet akauliza. "Uko na kitambulisho cha kazi?"

"Kiko nyumbani, mama. Mke wangu amekiweka pazuri."

Hapo alisema uongo mara mbili kwa pumzi moja. Kitambulisho hakikuwapo, na mke hakuwapo vilevile. Nasiba alikuwa amerudi kwao Mambrui miezi mitatu iliyopita. Hakuondoka kwa kupigwa wala kwa njaa. Aliondoka kwa sababu ya swali moja.

"Amjad," alimwambia siku ile, buibui amekwisha kulivaa, "kila nikienda kwetu baba huniuliza, mumeo anafanya kazi gani? Nami nakohoa. Miaka sita nakohoa, watu wamedhani nina kifua kikuu. Siku utakapokuwa na kazi inayotajika mbele ya baba yangu, utajua pa kunipata."

Amjad alifanya kama ilivyo ada. Alichukua wazee watatu wa heshima, akaenda nao Mambrui kuomba mke arudi. Mzee Abdulqadir, baba yake Nasiba, aliwapokea vizuri, akawapa kahawa na halua, akasikiliza maneno yote matamu, kisha akauliza, "Na kazi je, mwanangu? Unafanya kazi gani?" Amjad, ambaye aliwahi kumuuzia Mtaliano upepo wa kaskazi kwa chupa, alikohoa. Wazee wakaitazama halua. Wakarudi mikono mitupu, na tangu hapo mtu yule hakulala usingizi mzuri. Alimpenda mkewe. Hilo liandikwe, maana katika habari za Amjad mambo ya kweli ni machache na hayafai kupotea.

Sasa alikuwa na azma moja. Apate fedha ya kutosha kununua gari dogo la abiria, aliandike ubavuni "Amjad Matembezi ya Pwani", alipeleke hadi mlangoni kwa mzee Abdulqadir na apige honi. Gari halikohoi.

Basi akawachukua Nahashon na Janet kuwatembeza. Gede, ndani ya magofu ya mji wa kale, kima alimnyang'anya Janet ndizi, na Nahashon akataka kujua kwa nini nyumba hizo hazijawekwa mabati. Huko Mida, kwenye hori la bahari, walitembea juu ya njia ya mbao iliyoning'inia katikati ya mikoko, Nahashon akauliza mbao zilinunuliwa wapi. Wakateremka hadi Kuruwitu, ambako wavuvi wenyewe walifunga kipande cha bahari ili samaki wazaliane, na wageni huenda kuogelea nao.

"Ngoja," Nahashon alisema, maji yakimchuruzika masikioni. "Watu wanalipa kuangalia samaki, halafu hawakuli hao samaki?"

"Hawawali, bwana mkubwa."

"Na kesho wanaonyeshwa watu wengine samaki wale wale?"

"Wale wale."

Nahashon akapiga hesabu kwa vidole njia nzima. Lakini kilichommaliza kabisa ni Marafa, lile korongo ambalo mvua imelichonga likawa na minara ya udongo mwekundu, wa waridi na mweupe. Jua lilipoinama rangi zikawaka, wageni wakashangilia. Wanakijiji walikuwa wameweka meza langoni wakikata tiketi kwa utaratibu.

"Mvua ilichimba hii shimo," Nahashon alisema taratibu. "Mvua haikulipwa. Shimo haili, haiumwi, haigomi. Na watu wanapanga foleni." Akamshika Amjad bega. "Amjad, mimi sitaki tena kuona vitu vya watu. Mimi nataka shimo."

"Shimo?"

"Shimo yangu. Yenye watu wa hapa hawajajua thamani yake. Unitafutie, na usiambie mtu."

Janet akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Nahashon," alisema, "nyumbani uko na shimo mbili za choo. Hakuna mtu anapanga foleni."

"Mama, hayo ni mambo ya biashara," mumewe akamjibu.

Amjad aliomba siku tatu. Ya kwanza alizunguka bure. Ya pili, akirudi na bodaboda kutoka Marafa, alishuka kijiji cha Mikorosheni, ndani kidogo ya Mambrui, kunywa maji. Nyuma ya mikorosho akaona timbo, shimo walilokuwa wakikata mawe ya kujengea, ambalo limeachwa kitambo. Mvua za masika zilikuwa zimelijaza nusu. Maji yalitulia humo, rangi ya samawati, safi mpaka chini. Kuta zake nyeupe zilikuwa zimechorwa mistari ya tindo kutoka juu hadi majini, na mizizi ya mkuyu ikiteremka pembeni.

"Subhanallah," Amjad alinong'ona. "Umekaa hapa siku zote, dada yangu, na mimi nauza minara ya Wareno?"

Kulikuwa na mwanamke mmoja kando ya timbo akibangua korosho juu ya kipande cha bati. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, hando la kaniki kiunoni, leso mabegani, na macho yasiyo na haraka. Jina lake Kabibi.

"Shikamoo mama. Timbo hili lina mwenyewe?" Angeuliza hivyo, mambo yote yangekuwa mengine. Lakini Amjad alikuwa mtu wa mjini. Kwake yeye mahali palipoachwa hapana mwenyewe, na mama anayebangua korosho ni sehemu ya miti. Kwa hiyo alisema:

"Shikamoo mama. Unataka kazi nyepesi?"

"Marahaba. Nyepesi kiasi gani?"

"Kukaa. Nikija na wageni, wewe umekaa hapa umenyamaza. Nikisema hodi, unajibu, 'Mwana Hidaya amesikia.' Basi."

"Mwana Hidaya ni nani?"

"Ni mzimu wa kisima hiki."

Kabibi alitazama timbo, akamtazama Amjad, akatia korosho moja kinywani. "Wa ukoo gani?"

"Mzimu una ukoo?"

"Kila mtu ana ukoo."

"Basi ni binti wa sultani. Alijitupa humu siku ya harusi yake na dhahabu zake zote, miaka mia saba iliyopita."

"Masikini," Kabibi alisema, akaendelea kutafuna.

Kesho yake Amjad alirudi na mkoba. Alikuwa na vitambaa vitatu, chekundu, cheupe na cheusi, chupa ya marashi, ubani, na chetezo cha shaba. Mtu yeyote wa pwani hii, awe mswalihina wa safu ya mbele, akiona vitambaa na chetezo penye pango au maji hujua pale pana mzimu, na hata asipoamini hupunguza sauti. Chetezo kilikuwa cha Nasiba, cha harusi yake. Amjad alikitoa kabatini huku akijiambia atakirudisha kabla mwenyewe hajarudi.

Akapanda mzizi, akakitandaza kitambaa cheupe, akaanza kufunga.

"Wee!" Kabibi akaita. "Unafanyaje?"

"Nafunga kitambaa, mama."

"Kimya kimya hivyo? Anayefunga huomba, na anayeomba hutoa ahadi. Hiyo ndiyo nadhiri. Ukipata ulichoomba unakuja kuiondoa, unatoa ulichosema. Ukifunga bila neno umemtukana mwenyewe. Nami siketi penye mtu aliyetukanwa, hata ukinilipa."

Amjad alimwomba Mungu msamaha kimoyomoyo, maana ni mtoto wa chuo na Kurani aliisoma. Kisha, ili mama huyo asimharibie mambo, akapaza sauti kwa mzaha: "Haya basi! Ewe Mwana Hidaya! Nirudishie mke wangu..." Hapo mzaha ukamwisha. Alikuwa ameshika mzizi kwa mkono mmoja, miguu inaning'inia, na jina likamkwama kooni. "Nirudishie Nasiba," alisema kwa sauti nyingine. "Akirudi, kila nitakachokipata katika kisima hiki ni chako."

"Nimesikia," alisema Kabibi. "Mulungu naye kasikia."

"Asante mama. Sasa nipe hicho chekundu."

Siku hiyo hiyo, ya tatu, wakaja wageni. Amjad alikuwa amemfundisha Kabibi maneno matatu, lakini Kabibi hakuyatumia hata moja. Nahashon alipofika ukingoni na viatu vyake vya ngozi, mama huyo alinyoosha kidole.

"Viatu."

Nahashon akavua.

"Kofia."

Nahashon akavua.

"Leo amelala. Rudini kesho."

Amjad moyo ulimpasuka. Lakini usiniambie habari ya mtu mwenye tamaa: mpe kitu atakipima, mnyime ataking'ang'ania. Nahashon, ambaye mnara wa Wareno haukumtoa jasho, alianza kunong'ona na kusihi. Kabibi akakubali kwa shingo upande, na kwa noti moja ya mzimu aliyeamshwa.

Amjad akaisimulia hadithi ya Mwana Hidaya. Aliisimulia vizuri mpaka yeye mwenyewe akamhurumia binti wa watu. Akawaonyesha mistari ukutani. "Hizi ni kucha za jini lililojaribu kumzuia asizame."

"Nani alimwona akijitupa?" Janet akauliza.

"Kijakazi wake, mama."

"Kijakazi alimwambia nani?"

"Alimwambia... babu wa babu zangu."

"Miaka mia saba, na ni babu wawili tu?"

"Ukoo wetu ni watu wa kuishi sana, mama."

Nahashon hakuwasikia. Alikuwa akiupima ukingo wa timbo kwa hatua, miguu mitupu, akiona mahali pa meza, mahali pa maegesho, mahali pa kuuzia soda. Akamvuta Amjad kando, hatua mbili kutoka kwa Kabibi, akaongea kana kwamba mama yule ni kiziwi.

"Hawa watu hawajui wamekalia nini. Wakijua tumekwisha. Unifanyie karatasi haraka, kabla wazee wa hapa hawajaamka."

"Bwana mkubwa, si dhambi kidogo?"

"Dhambi ni kuacha mali inalala."

Kabibi alibangua korosho yake. Hakuinua kichwa.

Karatasi ilikuwa tayari kesho yake, "Haki ya Kuendesha Kisima", yenye muhuri wa Bodi ya Visima vya Kale. Bodi hiyo ilikuwa na mwenyekiti mmoja, mhazini mmoja na katibu mmoja, na wote watatu walivaa kofia ya vito ya Amjad. Nahashon alitoa arubuni katika bahasha ya kaki, nene hata haikufungika, na kuahidi iliyobaki atakaporudi baada ya mwezi na basi la kwanza la wageni kutoka kwao.

"Mtu akiuza kisima mbio hivi," Janet alimwambia mumewe wakiondoka, "uliza kwanza kama maji yanakunywika."

Nahashon akamwambia apunguze wivu.

Amjad alibaki barabarani, bahasha mfukoni mwa kanzu, roho nyepesi. Gari alikwisha kuliona kwa muuzaji Mtwapa, jeupe, viti saba. Lakini kwanza alihitaji chetezo. Nasiba akirudi, kitu cha kwanza atakachokitafuta ni kile. Akachukua bodaboda hadi Mikorosheni, saa ya alasiri, akili yake ikimwambia afungue vile vitambaa upesi, avitie mkobani na aondoke.

Aliposhuka alisikia ngoma.

Timbo lilikuwa limejaa watu. Wanawake wa Mikorosheni walikuwa wameketi kwa mikeka, mitungi na sinia kando. Juu ya mizizi hapakuwa tena na vitambaa vitatu. Vilikuwa thelathini au zaidi, vya kila rangi, kwani watu walioviona vile vya kwanza hawakuuliza maswali, walileta vyao. Mmoja alimwombea mwanawe kazi bandarini, mwingine aliomba korosho zipande bei. Katikati, kando ya chetezo kinachofuka, aliketi Kabibi. Na ubavuni pake, buibui jeusi, mikono yenye hina mpya, aliketi Nasiba.

Amjad akakaa chini bila kukaribishwa.

"Chetezo changu kimependeza hapa," Nasiba alisema.

"Nasiba. Wallahi, nilikuwa nikirudi..."

"Ngoja kwanza," Kabibi akakatiza, na ngoma zikanyamaza. "Kila kitu kwa mpango wake. Nasiba binti Abdulqadir, umerudi kwa mumeo au hukurudi?"

"Nimerudi."

Vigelegele vikapanda mpaka kunguru wakaruka. Amjad alicheka, machozi yakamtoka, asijue afanye lipi kwanza. Ni hapo Kabibi alipomgeukia, kwa upole wa mama anayempa mtoto dawa.

"Basi, mwanangu. Ulifunga kitambaa cheupe mbele yangu. Uliomba mke, mke huyo. Ulisema kila utakachokipata kisimani ni cha Mwana Hidaya. Leo ni siku ya kuondoa nadhiri. Umepata nini?"

Watu mia walimtazama. Bahasha mfukoni ilimwasha paja.

Fikiri naye kidogo, kwa sababu mtu huyu aliwahi kutoka katika mitego minane na kuacha mingine kwa heshima tu. Jibu lilikuwepo, rahisi: aseme hakuna Mwana Hidaya, nilimtunga. Lakini akisema hivyo mbele ya Nasiba, kazi yake ni ipi tena? Mke atarudi Mambrui leo leo, na safari hii hatakohoa, atapiga kelele. Na asiposema hivyo, mzimu una haki yake. Kwa hesabu yake, ukimtoa Kabibi, katika dunia nzima mtu mmoja tu aliweza kuufichua uongo ule, na ndiye mtu pekee aliyefungwa mdomo.

"Nilipata," alisema kwa sauti iliyofifia, "kitu kidogo."

"Kilete kidogo hicho."

Akatoa bahasha. Kabibi aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akaipitisha juu ya moshi wa ubani, akaitia ndani ya leso yake. "Mwana Hidaya amesikia," alisema, na hayo ndiyo maneno yale yale aliyofundishwa. Kisha akaongeza, "Na mimi mwenye timbo nimesikia. Marehemu mume wangu aliniachia. Hukuuliza, nami sikusema."

Ijumaa baada ya sala, mzee Abdulqadir alikuja kuiona kazi ya mkwewe. Amjad alimkalisha kitini, akamwamkia, akajitahidi. Akaeleza sultani, harusi, dhahabu, miaka mia saba. Alipofika kwenye kucha za jini, mzee aliinuka, akaenda ukutani, akaweka vidole vyake katika mistari ile kimoja kimoja.

"Mwanangu," alisema, "kucha hizi ni zangu."

"Naam, baba?"

"Nilikata mawe hapa miaka minne, nikiwa kijana, kabla mwenyewe hajaacha kazi ya mawe. Hii ni tindo yangu, ilikuwa na pengo upande. Nyumba uliyokuja kunywa kahawa, kuta zake zilitoka katika shimo hili."

Amjad alimtafuta Nasiba kwa macho. Nasiba alikuwa amesimama chini ya mkorosho akipepea moto wa chetezo, na mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko.

"Ulijua!" alimwambia. "Tangu lini?"

"Tangu Kabibi alipotuletea korosho juzi Jumatano. Alitueleza yote, baba akacheka mpaka akameza meno."

"Na ukarudi? Unajua ni uongo mtupu, na ukarudi?"

Nasiba akaacha kucheka. "Kabibi alisema ulikuwa unaning'inia juu ya mzizi ukifanya mzaha, ulipofika kwenye jina langu ukashindwa. Miaka sita unanidanganya mimi uso kwa uso, Amjad. Siku ulipomdanganya mzimu ndipo uliponena kweli. Nilikuwa nimekukumbuka, ndiyo maana nimerudi. Lakini sikiliza. Kabibi anakupa kazi ya kutembeza wageni hapa, ya mshahara. Na utawaambia kweli. Neno moja la Mwana Hidaya, najua njia ya Mambrui."

Bahasha ya kaki ilizaa ngazi za mawe, uzio, choo safi na banda la makuti. Mwezi ulipotimia, basi la Nahashon lilifika, limejaa jamaa wa kwao na wazee wa kanisa lake, wote wakiwa wameambiwa wanakwenda kuona mali yake. Nahashon aliteremka na karatasi ya Bodi mkononi. Kabla hajaikunjua, wanawake wa Mikorosheni walimzunguka, wakamvika leso shingoni, wakampigia vigelegele. Langoni palikuwa na kibao kipya cha rangi: "Kimejengwa kwa hisani ya Bwana Nahashon, Mfadhili Mkuu." Jamaa zake wakampigia makofi. Mchungaji akamkumbatia. Nahashon alikitazama kibao, akaitazama karatasi, akayatazama yale makofi yote, akaikunja karatasi ndogo ndogo, akaitia kwenye soksi.

"Wafadhili wanaingia kwa nusu bei," Kabibi alimwambia, mkono mbele.

Akalipa. Janet, nyuma yake, alilipa kamili, na alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote siku hiyo.

Amjad alisimama juu ya ngazi, sare ya kijani, kitambulisho cha kazi kikining'inia shingoni. Akamtazama Nasiba langoni, akavuta pumzi.

"Mabibi na mabwana, karibuni. Hapa si kisima. Ni timbo la mawe. Aliyelikata ni baba mkwe wangu, yule pale kitini. Mistari hii ni ya tindo yake. Maji ni ya mvua. Na Mwana Hidaya mtakayemsikia akitajwa nilimtunga mimi, siku ya Jumanne, kabla ya chai."

Kisha Nahashon akacheka, cheko la mtu anayejua mambo, akawageukia watu wake.

"Mmesikia? Hivyo ndivyo walivyo watu wa pwani. Kitu ikiwa na nguvu kweli wanaanza kukuficha." Akamkonyeza Amjad. "Bwana, mimi sio mtoto. Mimi siwezi danganywa."

"Bwana mkubwa, naapa kwa Mwenyezi Mungu..."

"Apa, apa. Mimi nimeelewa."

Akavua viatu, akavua kofia. Akatoa mfukoni kitambaa chekundu alichokinunua langoni kwa Kabibi, akateremka ngazi zake kwa uangalifu, na wazee wa kanisa wakafuata nyuma wakipunguza sauti. Akafunga kitambaa mzizini. Alipopanda tena alipitia kwa mzee Abdulqadir, akainama karibu na sikio lake.

"Mzee, wewe ni mtu wa dini, niambie ukweli. Huyu mkwe wako, kazi yake hasa ni gani?"

Mzee Abdulqadir aliliangalia timbo lake na vile vitambaa vyote. Akamwangalia binti yake langoni, akikata tiketi. Akakohoa.